Mushale Uliolala Chini

Mume wangu hanywi pombe, hafuati wanawake, na kila Jumapili yuko kwenye kiti chake kanisani kabla kengele haijalia. Ugonjwa wake ni mumoja tu: anapenda mushale. Nasema ule mushale mudogo kwenye tablo ya gari, mbele ya shofere, wa kuonyesha moto wa moteri, wenye bluu chini na nyekundu juu. Enzi za gari yake, akiiwasha asubuhi, hakuangalia barabara, hakuniangalia miye, aliangalia mushale. Tukifika sokoni, kabla ya kuzima, aliuangalia tena, halafu ananiambia kwa sauti ndogo: "Mama, ona. Umelala." Sawa vile ni mutoto aliyekuwa akilia usiku kucha na yeye njo aliyemubembeleza.

Miye nimezaliwa Zongwe, kwa wavuvi. Kwetu chombo kikiwa kibovu unaona kwa macho yako: maji yanaingia ndani, unachukua kikopo, unayatoa. Gari inafanya kinyume. Maji yake yakitoka ndiyo shida, na wewe uliyekaa kitini huyaoni. Njo maana wakaweka mushale. Hilo Papa, njo ninavyomuita mume wangu, alinieleza siku ya kwanza, na siku ya pili, na kila siku tuliyopanda gari ile.

Gari yenyewe ilitoka Dar, ikavuka ziwa kutoka Kigoma, na volan yake, ule usukani, iko kuume. Kwetu Kongo tunatembeza gari upande wa kuume pia, kwa hiyo shofere anakaa karibu na majani na haoni nani anakuja mbele. Akitaka kupita lori, lazima aulize aliyekaa kushoto. Miye njo nilikuwa macho yake. "Mama, nipite?" "Pita." "Kweli nipite?" "Papa, pita basi, lori lenyewe limeshachoka kukungojea!"

Mwanzoni mushale haukulala. Gari ikipata moto ulipanda mpaka katikati, ukasimama pale, haupandi, haushuki. Gari yoyote nzima njo inavyofanya, lakini Papa roho haikutulia. "Kwa nini isimame katikati? Katikati ni nusu ya safari ya kuungua." Akaipeleka kwa fundi wa mutaa wetu. Huyu fundi, kama mafundi wengine wote wa Kalemie ninaowajua, ana dawa moja kwa magonjwa yote: anatoa termosta. Ni kifuniko kidogo cha chuma, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya moteri na radiatere, pale maji yanapopoa. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua.

"Hii waliiweka kwa sababu ya baridi ya kwao," fundi akasema. "Huku kwetu na jua hili, ya nini?"

Akakitoa, akamupa Papa mukononi, kama daktari anavyokuonyesha jino alilong'oa. Tangu siku ile maji hayakufungiwa tena kupata moto, na mushale ulilala chini kwenye bluu na haukuamuka. Gari ikaanza kunywa esansi, yaani petroli, kupita zamani, na asubuhi moteri ilikohoa mpaka tunafika posta, lakini ukitaja hayo Papa anakasirika. Aliwaambia watu wa kwaya yake kwamba ana gari isiyotoka jasho. Mumoja akamuuliza kama anaipaka poda.

Nimucheke tu, lakini gari ile aliinunua kwa sababu moja, na nyumbani kwetu kila muntu aliijua: alitaka kwenda Pepa kumuleta dada yake aishi na sisi.

Yaya, njo tunavyomuita, alimulea. Mama yao alikufa Papa akiwa bado anatambaa, na Yaya, naye musichana tu, alimufunga mugongoni na kitambaa, akaendelea kuchunga ng'ombe za baba yao kule juu Pepa, kwenye milima ya Marungu. Wengine wa tumbo lile wameshakufa wote. Amebaki Yaya, mujane, peke yake katika nyumba yake, na Papa huku chini ziwani. Miaka mingi Papa alimutumia watu waende kumuambia: umezeeka, Yaya, nani atakuchotea maji, nani atakukatia kuni, kuja Kalemie tukutunze. Na kila mara walirudi na jibu lile lile: "Maji ninachota. Salimieni muke wetu." Muke wetu ni miye.

Mwisho alimupata kwa simu, Yaya akiwa amepanda kilima kutafuta rezo, mahali simu inashika. Papa akaimba wimbo wake wa uzee na maji na kuni. Yaya akasema: "Kuja weye mwenyewe, nikuone machoni, njo nitajua." Papa akakata simu na kutangazia mutaa muzima kwamba dada yake amekubali. Miye nilikuwa pale pale na simu ilikuwa inasikika. Sikusikia kukubali. Lakini ungeuona uso wake ungemuambia nini? Niliweka chungu motoni.

Nilijua pia kwamba safari itakuwa moja. Yaya akikataa, hatungepanda tena Pepa, maana magoti ya Papa yamechoka na barabara ile haina huruma na muntu wala gari. Na tangu aache kazi ya biro, ofisini bandarini, na mutoto wetu wa mwisho aende kusoma Lubumbashi, Papa alikuwa na tabia mupya: anaingia ndani ya gari, hapo uani, imezimwa, anakaa na redio. Nikirudi sokoni ninamukuta hapo. "Papa, uko sawa?" "Niko sawa, Mama. Ninasikiliza habari." Habari gani zinachukua muchana muzima?

Basi tukapanda. Tulilala Moba kwa watu wa parokia, kesho yake tukaanza milima. Papa aliipandisha gari kwa vitesi vya kwanza, gia ndogo, na kila mushale ulipoinua kichwa kidogo kutoka kwenye bluu alisimama, akafungua kapo, kifuniko cha moteri, akaipepea moteri na kofia yake. Nikamuuliza kama nayo niipigie magoti. Akasema nisichezee safari. Pepa tulifika ng'ombe zikirudi zizini.

Yaya alikuwa mulangoni. Hakukimbia, hakupiga vigelegele. Alimuangalia ndugu yake muda murefu, kuanzia viatu mpaka mvi.

"Umenenepa," akasema. "Muke wetu, unamulisha nini?"

"Mikebuka ya ziwa, Yaya. Na anajilisha maneno."

Akacheka, akanikumbatia miye kwanza. Jioni, kwenye moto, Papa akaanza: maji, kuni, uzee, hospitali iko karibu, tumekutayarishia chumba. Yaya alikuwa akigeuza viazi kwenye majivu. Alimusikiliza mpaka mwisho na akamupa kiazi.

Asubuhi tulimukuta ameshafunga mizigo: maharagi, viazi, kinu chake, na kuku watatu ndani ya kitunga. Papa akawa kama muntu aliyeshinda kura. Lakini Yaya akasimama na mukono kwenye mulango wa gari.

"Sikia. Ninapanda, lakini sijasema ninahama. Moyo ukikataa njiani, nitakuambia nirudishe, na utanirudisha. Bila kelele."

"Sawa, Yaya."

"Bila kelele, nimesema."

"Sawa, Yaya!"

Yaya alikaa mbele, maana njo heshima, na miye nikaenda nyuma na maharagi na kuku. Kwa hiyo macho ya shofere sasa yalikuwa ya Yaya, na Yaya alisema mambo kwa wakati wake. "Kulikuwa lori," anasema, tukiwa tumeshajitupa kwenye majani. "Lilikuwa kubwa."

"Yaya, useme kabla!"

"Kabla lilikuwa bado halijafika."

Ukungu ulikuwa umelala barabarani na baridi ya Marungu ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Yaya akajikunja ndani ya kitenge chake. Hapo Papa akakumbuka kwamba gari yake ina shofaji, kitu ambacho Kalemie hakuna muntu mwenye akili anayekigusa. Akazungusha kifungo. Vumbi la miaka likatupuliza usoni, tukapiga chafya, kuku nao wakalalamika, kisha hewa ya moto ikaanza kuja polepole kwenye miguu ya Yaya. Akavua viatu. Akanyoosha vidole. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, alitabasamu kwa gari.

"Ee, kumbe kuna jiko huku chini."

Ungemuona Papa! Alinitazama kwenye kioo kama kusema: unaona sasa? Nilifurahi naye, nisiseme uongo.

Tulikuwa tumeacha Pepa si mbali, tunapanda mulima mubaya wenye mawe, gari imejaa, inalia. Jiwe lilipiga chini, pang! Papa akasema si kitu. Baada ya muda nikaona shingo yake imekakamaa. Kutoka nyuma niliinama nikaangalia: mushale ulikuwa umeamuka. Umepita bluu, umefika katikati, unapanda. Papa hakusimama, maana kwenye mulima ule gari ikisimama hairudi kutembea, inarudi nyuma.

"Salamu Maria," akaanza, kwa ile sauti yake nzito ya kwaya.

Tukaitikia. Tulisali wote watatu, tukiuangalia ule mushale kama watu wanaongojea jina lao lisomwe. Ulifika nyekundu. Ukatetemeka pale juu. Halafu, katikati ya sala, ukaanguka, wote kwa mara moja, mpaka chini kabisa kwenye bluu, ukalala mahali pake pa siku zote.

"Aksanti Mama Maria!" Papa akapiga volan na kiganja. Akaanza kuimba. Miye nikapiga vigelegele na kuku wakapiga mabawa. Mbele yetu mulima ulikuwa unaisha, mushale umelala kama mutoto aliyenyonya, na dada ya Papa ameketi kando yake. Nadhani ile njo ilikuwa dakika yake nzuri kupita zote katika gari ile.

"Jiko limezimika," Yaya akasema.

"Nini, Yaya?"

"Huku chini. Inapuliza baridi. Miguu yangu inaganda."

"Njo vizuri, Yaya! Gari imepoa. Maria ametusikia."

"Imepoa namna gani kwa dakika moja? Chungu tu hakipoi hivyo."

"Ona mushale, Yaya. Ona mwenyewe umelala!"

"Miguu yangu haiko kwenye mushale," Yaya akasema, akavaa viatu vyake.

Papa akaongeza wimbo. Alifika ubeti wa pili hivi wakati harufu ilipokuja, harufu ya chuma na mupira unaoungua. Moteri ikaanza kugonga ko, ko, ko, kama muntu aliyefungiwa ndani. Gari ikajikokota mpaka juu ya mulima, ikatikisika mara moja, ikafa. Na mushale, mpaka mwisho, haukujisumbua. Ulikuwa kwenye bluu.

Fundi wetu alinieleza haya baadaye, wakati gari iliposhushwa juu ya lori la viazi na kulazwa kwenye garaji yake, mahali iko mpaka leo na kuku wa Yaya wanataga ndani. Mushale, akasema, hauonyeshi moteri. Unaonyesha kile tu kinachogusa kichwa cha sonde, ule mushipa mudogo uliochovywa ndani ya maji. Maji yakiwepo, unakuambia moto wa maji. Maji yakimwagika yote, sonde inabaki imening'inia kwenye hewa, haina cha kusema, na mushale unashuka wakati moteri inawaka moto. Na shofaji inakula maji yale yale, inayapitisha karibu na miguu yako. Miguu ikipata baridi ghafula juu ya mulima, maana yake maji yamekwisha. Yaya alitupa habari, sisi tukaimba.

"Na ile termosta ingekuwepo," fundi akasema, "mushale ungezoea kukaa katikati. Ungeanguka kwenye bluu, Papa angeshituka. Lakini bluu njo ilikuwa nyumba yake."

"Lakini ni weye ulitoa termosta!"

"Mama, kila muntu anatoa," akajibu, bila haya hata kidogo, akanisogezea kiti. Akaniambia tena kwamba hata ile katikati si ya kuamini sana. Gari nyingi za sasa zimefundishwa hivyo kiwandani: moto uongezeke kidogo, upungue kidogo, mushale unabaki katikati, kusudi mwenye gari asipate wasiwasi na kusumbua watu. Unaamuka tu mambo yakiwa yameshaharibika. Nilimuomba hilo asimuambie Papa.

Lakini siku ile juu ya mulima hatukujua lolote. Papa alifungua kapo na moto ukamupiga usoni kama wa tanuru. Radiatere ilikuwa kavu. Hapakuwa hata na moshi wa kutosha kumufariji. Akazunguka gari, akazunguka tena, akapangusa taa na shati lake. Nyuma yetu ukungu ulikuwa unainuka na Pepa ilionekana yote: moshi wa majiko, majani, ng'ombe wanatoka.

Yaya alishuka polepole. Aliangalia gari, akaangalia nyuma kwake, akaangalia mbele, kule barabara inakoshuka kuelekea Moba.

"Bon," akasema. "Kwangu karibu. Muke wetu, niletee kitunga cha kuku."

Nilikichukua kitunga lakini sikukitoa, nilikikumbatia tu. Papa alikuja mbio, mikono myeusi.

"Yaya, ngoja. Nitapata gari ingine. Yaya, umezeeka, nani atakuchotea maji, nani atakukatia..."

"Maji ninachota," Yaya akasema. "Tulisema bila kelele."

Papa akasimama pale na uso wake wa siku zote, ule wa niko sawa, ninasikiliza habari. Nilifikiri sasa atasema sawa, Yaya, na tutamusindikiza nyumbani, na itakuwa imekwisha. Lakini akaketi chini kwenye majani yenye umande, na suruali yake ya kanisani, akaanza kulia. Si machozi ya muzee ya kupangusa kwa kidole. Alilia mudomo wazi, mabega yanaruka, kamasi inatoka. Tangu anioe sijapata kumuona hivyo, hata tulipozika watu wetu.

"Si weye, Yaya," akasema. "Ni miye. Nyumba imenyamaza. Watoto wamekwenda, Mama anakwenda sokoni, ninabaki, ninaingia ndani ya gari, ninakaa. Siku zinapita na sijui ninangojea nini. Wote walioniona mutoto wamekufa. Umebaki weye. Usiku ninaogopa, Yaya. Ninaogopa kama mutoto."

Nilisimama na kuku wangu, na iliniuma. Iliniuma kwa ajili yake, na iliniuma kwamba muntu ninayelala naye kitanda kimoja hakuniambia miye.

Yaya akaenda, akainama kwa shida, mukono mumoja kwenye goti, akashika ncha ya kitenge chake na kumufuta kamasi, kwa nguvu, kama wanavyofuta watoto, mpaka kichwa cha Papa kikaenda huku na huku.

"Mujinga weye," akasema. "Miaka yote hii unanitumia watu waje kuniambia nimezeeka. Nani anahama kwake kwa sababu ameambiwa amezeeka? Ungesema kwamba unanihitaji, ningekuja zamani, kwa miguu."

Akanyanyuka. Akaninyang'anya kitunga, akakitwika kichwani, akaanza kutembea kuelekea Moba, mugongo kwa Pepa.